Tabasamu langu linavutwa kulia, daktari anataka kunichoma sindano upande MZIMA. Ni tiba au napigwa?

#1 Kijana wa Buza
Wakuu, salama?

Mwaka juzi mwezi wa sita niliamka asubuhi, nikaenda kupiga mswaki, maji yakawa yananichuruzika upande wa kushoto wa mdomo. Kutazama kioo: uso wote wa kushoto umelala. Jicho halifumbi, nyusi haipandi, nikijaribu kupiga mluzi inatoka hewa tu. Hospitali nilifika siku ya tano. Siku nne za kwanza nilikuwa naombewa na kukandwa maji ya moto, tusilaumiane. Nikapewa vidonge, nikaambiwa ni mshipa wa fahamu wa uso, si kiharusi. Baada ya kama miezi minne hivi uso ukaanza kurudi. Nikashukuru Mungu nikasahau.

Sasa mwezi wa kumi na mbili nafunga ndoa. Juzi kamati ilikaa, mpiga picha akapiga za majaribio. Tangu nizione sijalala. Nikinuna niko sawa, hata mzuri. Nikitabasamu, kona ya kulia inapanda na mdomo wa chini unashuka mpaka meno ya chini yanaonekana, kushoto kunasita, halafu jicho la kushoto linajifinya kama namkonyeza mpiga picha. Mama mkwe naye kaziona. Kauliza kwa upole kama huwa nakonyeza watu.

Nimekwenda kwa daktari mmoja wa kulipia. Kanitazama dakika kumi, kasema dawa ni sindano ya Botox, ile ya kulegeza misuli, na ataichoma KULIA. Upande wangu mzima! Mimi nilitarajia anyanyue upande mbovu, yeye anataka kulegeza uliobaki. Na bei yake inalipia ukumbi nusu siku.

Wajuzi, hii ni tiba au napigwa?

#2 Ngoja Waje
Nimekaa siti ya mbele. Uzi wa tabasamu bila picha, mkuu?

#3 Mzee wa Kahawa
Kijana, jibu kwanza: ulilala na feni?

#4 Kijana wa Buza
Shikamoo mzee wangu. Feni ilikuwepo, lakini Buza nzima inalala na feni.

#5 Mzee wa Kahawa
Marahaba. Ndiyo hiyo sasa.

#6 Fundi Waya
Mimi si daktari, ni fundi umeme, ila hii naielewa kwa njia yangu. Una taa mbili sebuleni. Moja inawaka hafifu kwa sababu waya wake ulipata hitilafu ndani ya ukuta. Mwenye nyumba anataka zifanane. Njia ni mbili: ubomoe ukuta uvute waya mpya, au ile kali uitafutie balbu ndogo. Huyo daktari anabadilisha balbu. Si wizi, ila na wewe jua kwamba waya haujaguswa.

#7 Bibi Kidawa
Assalaam alaykum. Kwetu Unguja mtu akienda mdomo upande husemwa kapigwa kibao na shetani. Msinicheke. Binamu yangu ilimpata hii hii, akasomewa, akanyweshwa kombe siku saba, wiki ya tatu anacheka sawasawa na hadi leo hana alama. Hakumeza kidonge hata kimoja. Nyie mtasema nini?

#8 Mkoba wa Dozi
Bibi Kidawa, waalaykum salaam. Sikucheki, ila nikuonyeshe kitu. Katika watu 100 wanaopooza uso kwa namna hii, kama 70 hupona kabisa hata wasipotibiwa, na wengi huanza kuona dalili ndani ya wiki tatu. Maana yake yeyote aliyekuwa karibu na mgonjwa wiki ya tatu anachukua sifa. Shehe, mchungaji, mganga wa chale, mwenye mafuta ya habat soda, hata aliyezima feni.

Mleta mada, ulichopata kinaitwa Bell, jina la Charles Bell, mpasuaji wa Scotland aliyeeleza kazi ya neva ya uso, yaani huo mshipa wako wa fahamu, mwaka 1821. Ni neva ya saba kati ya zile 12 zinazotoka kwenye ubongo moja kwa moja. Inapita kwenye kijitundu chembamba ndani ya mfupa nyuma ya sikio. Ikivimba haina pa kutanukia, inajibana yenyewe. Fundi Waya kapatia kuliko alivyodhani: waya umo ndani ya bomba, na bomba ni la mfupa. Kinachoivimbisha, wengi tunashuku virusi vya jamii ya malengelenge, lakini kwa mgonjwa mmoja mmoja mara nyingi hatumjui mhalifu.

Panapouma ni hapo kwenye siku ya tano. Vidonge vya steroidi vya kupunguza uvimbe, prednisoloni, vinasaidia hasa vikianzwa ndani ya saa 72. Kuna utafiti wa Scotland wa 2007: baada ya miezi 9, waliopewa prednisoloni walipona kabisa 94 katika 100, wasiopewa 82. Dawa ya virusi peke yake haikuongeza kitu. Na mtu asisome hapa akakimbilia duka la dawa, prednisoloni inapandisha sukari na ina mambo yake.

#9 Ngoja Waje
Kwa hiyo 82 walipona bila dawa na juu umesema 70. Tabibu chagua moja.

#10 Mkoba wa Dozi
Umenikamata vizuri. Ni tafiti mbili tofauti. Ile ya 70 ni ya Denmark, ilifuatilia watu ambao hawakutibiwa kabisa, wakiwemo waliopooza vibaya sana. Waliobanwa nusunusu hupona wengi zaidi kuliko waliopooza kabisa, kwa hiyo namba inategemea nani kahesabiwa.

#11 Gego Bovu
Mimi napinga wote. Tatizo ni meno. Mimi tabasamu langu lilienda upande miaka sita na sijawahi kupooza chochote. Nilikuwa na gego bovu kushoto, nikawa natafunia kulia tu. Misuli ya kulia ikajaa, ya kushoto ikadumaa. Nilipong'oa na kuanza kutafuna pande zote, uso ukarudi. Mleta mada tafuna bigijii upande wa kushoto nusu saa kila siku, utanishukuru. Buku tu.

#12 Mazoezi Kwanza
Gego Bovu, TAFADHALI. Ni kazi yangu hii ya tiba ya viungo na kila mwezi napokea watu walioharibiwa na bigijii na kupuliza puto.

Kwanza, msuli wa kutafuna na msuli wa kutabasamu ni vitu viwili. Wa kutafuna unaendeshwa na neva ya tano, wa tabasamu na ya saba. Utatafuna mpaka taya litoke kama la mbuzi beberu, kona ya mdomo haitapanda hata chembe.

Pili, msome mleta mada taratibu. Anasema jicho LINAJIFINYA akitabasamu. Huyo hakubaki amepooza, neva yake imeota upya, ila nyuzi zimepotea njia. Neva huota kama milimita moja kwa siku, na inapofika njia panda uzi wa mdomo unaweza kuingia kwa jicho na wa jicho kwa mdomo. Ndiyo maana akiamuru mdomo, jicho linaitikia. Mwambie huyu afanye mazoezi ya nguvu, acheke kwa nguvu, apulize puto, unazidi kuzikaza njia zisizo zake.

Dawa yake ni kinyume. Kioo, utulivu, miondoko midogo midogo. Anatabasamu robo tu, analitazama jicho, likianza kufinya anasimama. Dakika chache mara kadhaa kwa siku, kwa miezi. Inachosha na haina sifa, ndiyo maana watu wanakimbilia sindano.

#13 Fundi Waya
Ha, kwa hiyo mafundi walichanganya waya: ukiwasha sebuleni inawaka chooni. Nilishakuta nyumba ya hivyo Mbagala.

#14 Kijana wa Buza
Mazoezi Kwanza, umenitisha. Mwaka jana wote nilikuwa napuliza puto. Niliambiwa na jirani. Nilinunua za rangi za Yanga kabisa.

#15 Ngoja Waje
Tatizo tumeshalijua: Yanga.

#16 Mnyamwezi Mpole
Nina swali la kijinga. Hiyo picha umeitazama kwa kamera ya nyuma au ya mbele? Uso wako unaujua kwa kioo, na kioo kinageuza kushoto kuwa kulia. Mpiga picha akikupiga unaona uso ambao watu wote wanaujua ila wewe. Kila mtu akijiona hivyo anajiona kapinda. Mimi nyusi yangu moja iko juu ya mwenzake tangu kuzaliwa na nimegundua nikiwa na miaka 34, kwenye picha ya pasipoti.

Mchumba wako kakukuta na tabasamu hilo hilo, akakubali. Kwa nani unalirekebisha?

#17 Kijana wa Buza
Mkuu, mchumba anasema ndilo alilolipenda, alidhani nakonyeza. Lakini si yeye atakayeangalia albamu na kusema "huyu bwana harusi alikuwa na nini". Ni shangazi zake.

#18 Dada wa Muscat
Mimi ilinipata nikiwa na mimba ya miezi minane, huku Muscat, wakaniambia kiyoyozi. Baadaye daktari akasema wajawazito wa miezi ya mwisho hupata zaidi, na wenye sukari pia. Watu husimulia mdomo tu, mimi nakumbuka mengine. Siku mbili kabla nilikuwa naumwa nyuma ya sikio. Kisha chai haikuwa na ladha upande mmoja wa ulimi, nikamgombeza dada wa kazi kuwa hatii sukari. Na adhana ya alfajiri, msikiti uko mtaa wa pili, sikio la kulia lilipasuka kama kipaza sauti kimewekwa kitandani.

Leo ni miaka mitano. Nimerudi kama tisa kwa kumi. Ila nikila, jicho la kulia linatoa machozi. Pilau, biskuti, chochote. Mume wangu anasema nalia kwa jinsi ninavyopenda chakula.

#19 Mkoba wa Dozi
Dada, umeeleza vizuri kuliko kitabu. Neva hiyo hiyo hubeba ladha ya sehemu ya mbele ya ulimi, na hushika kimsuli kidogo ndani ya sikio kinachopunguza kelele. Machozi ya kula nayo ni nyuzi zilizopotea: za mate zimeingia kwenye tezi ya machozi. Hata kwa madaktari yanaitwa machozi ya mamba.

#20 Mvita Kale
Niko Mombasa, nawasoma tangu jana, mwazungumza mdomo, mdomo, mdomo. Hebu niwape cha jicho.

Ami yangu uso ulimlala miaka hiyo. Sote tukashughulikia mdomo kwa kuwa ndio uliokuwa waonekana. Mafuta, kukandwa, kufungwa kitambaa. Jicho halikufumba usiku wala mchana, naye alikuwa mtu wa bandarini, vumbi na upepo. Hakuna aliyemwambia alitie matone wala alibandike likilala. Wiki ya tatu likaanza kuwa jekundu, akasema kama mchanga umo ndani. Twende kwa wa macho, kashafanya kidonda kwenye kioo cha jicho. Mdomo ulirudi baada ya miezi miwili, ukanyooka kabisa, ukimuona hujui. Jicho lile mpaka amekufa alikuwa aona kama kupitia pazia.

Mwenye kuuguliwa na hili leo: jicho kwanza. Matone ya kulainisha mchana, mafuta yake ya jicho usiku, na gundi ya karatasi ya hospitali kulifunga. Tabasamu litangoja.

#21 Mazoezi Kwanza
Mvita Kale, asante. Hii ingekuwa post ya kwanza.

#22 Mama Pacha
Samahani natoka nje kidogo. Mmoja wa pacha wangu, miezi mitano, akilala au akinyonya uso uko sawa. Akilia tu, mdomo wa chini unashuka upande mmoja. Macho yanafumba yote. Bibi yake anasema nilimbana nikiwa nalala ubavu. Naye ni huu mshipa?

#23 Mkoba wa Dozi
Mama, kama macho yanafumba sawa na paji linakunjika sawa, mara nyingi si neva yote. Kuna kimsuli kidogo kinachoshusha mdomo wa chini ambacho watoto wengine huzaliwa kikiwa hafifu au hakipo upande mmoja. Ule mdomo unaoshuka ndio MZIMA, usioshuka ndio wenye kasoro. Wewe hukumbana. Ukubwani wengi hawaonekani kitu isipokuwa wakilia. Ila mpeleke kliniki wausikilize moyo wake vizuri, kwa sababu mara nyingine hali hii hufuatana na hitilafu ya moyo. Usiogope, ni kusikilizwa tu.

#24 Mzee wa Kahawa
Yule mcheza filamu mwenye misuli, Stallone, si ndivyo alivyozaliwa?

#25 Mnyamwezi Mpole
Yeye walimvuta kwa koleo za kuzalishia, neva ikaumia, upande wa kushoto wa chini ukabaki hivyo, na ile sauti ya kuvuta maneno ikatokea hapo. Akatajirika nayo. Na Kanada walikuwa na waziri mkuu, Jean Chrétien, mdomo wake ulienda upande tangu ujana kwa ugonjwa huu huu wa Bell. Uchaguzi wa 1993 wapinzani wake wakatengeneza tangazo la televisheni linaloonyesha uso wake, kana kwamba wanauliza huyu ndiye? Wananchi wakachukia. Kile chama kilichokuwa madarakani kikatoka na viti viwili. VIWILI.

#26 Ngoja Waje
Kijana wa Buza, acha harusi, chukua fomu.

#27 Lulu wa Sinza
Nirudi kwenye Botox. Rafiki yangu alichomwa saluni, si hospitali, na mtu anayepaka kope. Alitaka mdomo wake ukae sawa kwenye picha. Mdomo wa juu ukalala. Soda alikuwa hawezi kunywa kwa mrija, herufi "b" na "p" zikamshinda, akijibu simu anasema "halo" halafu anampa mtu. Karibu miezi mitatu. Aliyemchoma hakupokea simu tena. Kwa hiyo wanaosema ni balbu tu, balbu yenyewe ni sumu.

#28 Muuguzi Mstaafu
Lulu, pole kwa rafiki yako. Ni sumu kweli, ya bakteria yule wa chakula kilichooza kwenye kopo. Lakini kipimo ndicho kinachofanya dawa. Na msidhani ilianzia kwa warembo. Iliruhusiwa Marekani mwaka 1989 kwa makengeza na kope zinazojifumba zenyewe. Mikunjo ya uso ilikuja rasmi 2002. Haiui neva, inazuia ujumbe usifike kwenye msuli, na baada ya miezi mitatu minne inaisha. Hapo ndipo uzuri na ubaya wake: ikikosewa itaisha, ikipatiwa nayo itaisha.

Mleta mada, hebu chukua karatasi ya daktari wako uisome tena. Sindano ngapi, na wapi? Kwa hadithi yako sioni daktari mwenye akili akikuchoma kulia peke yake.

#29 Kijana wa Buza
Mama, nimeitafuta, ilikuwa kwenye dashibodi ya gari la bosi. Aibu yangu. Imechorwa uso na nukta. Kulia nukta mbili, chini ya mdomo. Kushoto nukta NNE: tatu kuzunguka jicho, moja shingoni. Alipotaja kulia mimi masikio yaliziba, sikusikia mengine.

#30 Ngoja Waje
Watu wamejibu uzi siku mbili. Nukta nne zilikuwa kwenye dashibodi.

#31 Muuguzi Mstaafu
Sasa picha imekaa. Za kushoto ni kulegeza jicho linalojifinya na ule msuli wa shingo unaovuta mdomo chini. Hizo ndizo tiba yenyewe. Za kulia ni kuzuia mdomo wa chini usishuke sana ukaonyesha meno upande mmoja. Anapunguza kulia, haui.

#32 Mazoezi Kwanza
Nakubali, kwa sharti moja. Sindano bila mazoezi ya kioo ni kukodi. Ile miezi mitatu jicho likiwa limetulia ndiyo nafasi ya kuufundisha mdomo utembee peke yake. Na mwezi wa kumi na mbili uko karibu: inaanza kushika baada ya siku kadhaa, inakaa sawa wiki ya pili. Asichome wiki ya harusi. Kama kitakaa vibaya, akijue mapema.

#33 Gego Bovu
Mimi bado nasema meno. Mlinirukia bila kuniuliza. Daktari wa meno aliniambia ufizi wangu wa kulia unaonekana zaidi kwa sababu taya la juu limeinama kidogo. Si kila tabasamu lililopinda ni neva.

#34 Mkoba wa Dozi
Hapo uko sahihi na nakuomba radhi. Taya lililoinama, ufizi mrefu upande mmoja, meno yaliyokosana katikati, hayo hufanya midomo iende sawa lakini picha ionekane kombo. Tiba yake ni waya za meno, kupunguza ufizi, na walioinama sana hata kupasuliwa taya. Lakini hiyo haihitaji gego kung'olewa, na bigijii bado hapana.

#35 Fundi Waya
Naleta ubishi. Shangazi yangu alipooza uso, wakamwekea mashine ya umeme, vile vipande vya kubandika, dakika ishirini, mara tatu kwa wiki. Karudi safi kabisa. Mazoezi Kwanza kwa nini huisemi?

#36 Mazoezi Kwanza
Kwa sababu #8. Shangazi angeweza kuwa kwenye wale 70. Na wengi wetu tunaogopa umeme usije ukazidisha kujifinya huko. Wenzangu wengine wanatumia na wanaiamini, siwezi kuwasemea. Kwa mleta mada ambaye tayari nyuzi zimechanganyika, mimi siwezi kumwekea.

#37 Fundi Waya
Umeme unasingiziwa kila mahali.

#38 Mvita Kale
Na yule ambaye haukurudi kabisa, mwaka wa tatu wa nne, naye afanyweje? Nina jamaa wa hivyo. Alikuwa na uvimbe kwenye tezi ya mate, walipoutoa neva ikaenda nao.

#39 Muuguzi Mstaafu
Huyo sindano na kioo havimsaidii kwa sababu hakuna cha kufundisha. Msuli wa uso ukikaa bila neva mwaka na nusu, miaka miwili, unasinyaa, hata ukiuletea neva hauamki. Kuna upasuaji: wanachukua kipande cha msuli wa paja la ndani, na mishipa yake ya damu, wanakipandikiza shavuni. Mjapani, Harii, ndiye aliyefungua njia mwaka 1976. Neva ya kukiendesha wanaivuta kutoka upande mzima kwa kutumia neva ya mguuni, huo ni upasuaji mara mbili kwa miezi kadhaa katikati, au wanaazima ya kutafunia. Wa namna ya pili inabidi aume meno ndipo atabasamu. Mwanzo anakaa mezani anauma meno kila mtu akitaniwa. Baadaye wengi huzoea.

Kwa mtu mzima sana kuna njia nyepesi: wananyanyua kona ya mdomo kwa kamba ya utando wa paja, haitembei ila inakaa sawa, na mate hayadondoki. Na kipande kidogo cha dhahabu kwenye kope ili ifumbe kwa uzito wake.

#40 Gego Bovu
Kumbe Mazoezi alisema neva ya kutafuna na ya tabasamu hazihusiani. Leo zinaazimana.

#41 Mazoezi Kwanza
Baada ya masaa manane mezani kwa mpasuaji. Siyo kwa bigijii ya buku.

#42 Mkoba wa Dozi
Mvita Kale umenikumbusha. Uso wa Bell huanguka haraka, siku moja mpaka tatu. Ukiona uso unalegea taratibu, wiki kwa wiki, au kuna uvimbe mbele ya sikio, au sikio lina usaha wa siku nyingi, hiyo ni habari nyingine, usikae na mafuta ya mzaituni. Vipele vya maji kwenye sikio pamoja na maumivu makali pia. Na huku kwetu ni vizuri mwenye kupooza uso apime VVU na sukari.

#43 Kijana wa Buza
VVU tena mkuu? Mama mkwe anasoma humu.

#44 Mkoba wa Dozi
Mpe pole. Ni kipimo, si tuhuma. Wakati mwingine uso ndio dalili ya kwanza.

#45 Mama Pacha
Na kiharusi unakijuaje? Baba yangu alienda mdomo upande, tukasema feni, tukamlaza. Kesho yake mkono nao haunyanyuki.

#46 Mkoba wa Dozi
Pole sana mama. Mwambie mtu apandishe nyusi kama anashangaa. Kwenye Bell upande mbovu wa paji haukunjiki. Kwenye kiharusi mara nyingi paji linakunjika, ni chini tu kulikolala, kwa sababu paji hupata amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Lakini usiamulie hapo sebuleni. Mkono dhaifu, maneno kukwama, kichwa kuuma ghafla: gari, hospitali, saa hiyo hiyo.

#47 Bibi Kidawa
Nimesoma yote. Binamu yangu nimemwuliza leo. Kasema kombe alikunywa, na vidonge vya hospitali ya Mnazi Mmoja pia alimeza, alinificha miaka yote hii asimuudhi shehe.

#48 Ngoja Waje
Bibi 😂😂

#49 Kijana wa Buza
Nawashukuru wote. Nimepata daktari wa pili hospitali ya rufaa, kaniambia nianze na kioo wiki sita, sindano za kushoto tuzizungumze baadaye, za kulia hazitaki kabisa: anasema nisije kwenye ndoa mdomo wa chini umelala nikashindwa hata kuitikia "ndiyo". Wa kwanza nimempigia, anasema huyo wa pili ni mwoga. Sijui nimsikilize nani. Jana usiku nimekaa na kioo, natabasamu robo, jicho likianza nasimama. Mchumba kapiga simu ya video kanikuta hivyo, kacheka mpaka simu ikamdondoka.

#50 Mzee wa Kahawa
Kijana, hukunijibu. Feni ilikuwa ya dari au ya kusimama?

#51 Kijana wa Buza
Ya kusimama mzee. Upande wa kulia wa kitanda. Na kilicholala ni kushoto.

#52 Mzee wa Kahawa
Basi uligeuka usingizini.